Mwenye Dhamana Akijiombea

Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt aliwakataza watumishi wa serikali ya Marekani kwenda bungeni kudai nyongeza ya mshahara au kushawishi sheria inayowahusu. Mwenye shida aipeleke kwa mkuu wa idara yake. Akikaidi, kazi hana. Mrithi wake, William Taft, aliikaza zaidi amri hiyo mwaka 1909. Bunge ndilo lililowafungua watumishi midomo, kwa sheria ya Lloyd na La Follette ya 1912 iliyotamka kwamba haki yao ya kupeleka maombi bungeni isizuiwe. Mwaka uliofuata kikazaliwa Federal Managers Association, chama cha mameneja na wasimamizi kilichoanzia kwa raia walioajiriwa upande wa ulinzi, kisha kikaenea katika idara na wakala nyingine za serikali.

Sheria ilimaliza ubishi wa kisheria. Swali la maadili halikuisha. Mtu aliyekabidhiwa kazi na mali ya umma anaweza kusimama mbele ya umma huohuo akajiombea, na bado akahesabiwa mwaminifu? Anayejibu hapana si mtu wa kupuuzwa. Cheo ni dhamana, atasema, na aliyewekewa amana hajipimii posho.

Lakini tuangalie meneja huyu amesimama wapi. Sheria ya utumishi ya 1978 haimruhusu kuwemo katika kundi linalojadili mkataba kupitia chama cha wafanyakazi, kwa sababu yeye ndiye sura ya mwajiri. Kugoma hawezi, mtumishi yeyote wa serikali kuu akigoma anavunja sheria, na mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongozaji ndege zaidi ya 11,000 kwa kosa hilo. Wala si mwanasiasa mwenye jukwaa. Amebakiwa na njia moja tu, kubisha hodi bungeni, na chama chake ndicho kinachobisha.

Kinadai nini? Mishahara isiyoachwa nyuma na sekta binafsi. Mafunzo ya lazima kwa kila anayepandishwa kuwa msimamizi, jambo ambalo Seneta Daniel Akaka wa Hawaii aliliandikia muswada zaidi ya mara moja. Muda mrefu zaidi wa majaribio kwa waajiriwa wapya. Ulinzi dhidi ya kufukuzwa kwa sababu za kisiasa. Na bajeti ipitishwe kwa wakati, ili milango ya serikali isifungwe.

Dai hili la mwisho mtu wa mbali anaweza kuliona dogo. Kuanzia Desemba 22, 2018 shughuli za sehemu ya serikali zilisimama kwa siku 35, na watumishi takriban 800,000 wakakosa mshahara. Zaidi ya nusu yao walitakiwa kuendelea na kazi bila malipo. Msimamizi alipaswa kuwaambia wengine waende nyumbani, tena kwa onyo: sheria hairuhusu serikali kupokea kazi ya kujitolea, kwa hiyo aliyerudishwa nyumbani hata barua pepe ya ofisi asiifungue. Mtu anayeipenda kazi yake anakatazwa kuifanya, na anayemkataza ni bosi wake, ambaye naye hajalipwa. Chama kinapolia juu ya hali hiyo kinajililia chenyewe, na hapohapo kinamlilia mwananchi anayengoja huduma. Huwezi kuutenga ulio wao na ulio wetu.

Kuhusu mwenye dhamana na posho yake, karne nyingi kabla ya hapo Imam Ali bin Abi Talib alimwandikia Malik al-Ashtar, aliyemteua kuwa gavana wa Misri, waraka mrefu juu ya utawala. Malik alifariki njiani kabla hajaishika kazi hiyo, lakini waraka umebaki. Kuhusu maofisa, Ali anamwagiza awape kazi baada ya kuwajaribu, si kwa upendeleo. Awalipe vizuri, ili wasitamani kilicho chini ya mikono yao na wasiwe na udhuru wakihaini. Kisha atume watu wakweli wawachunguze bila wao kujua, na atakayethibitika kula amana aadhibiwe hadharani. Nguvu ya mafundisho haya ni kwamba hayatenganishwi. Mshahara mnono ni haki ya ofisa, na ni hoja dhidi yake pia siku akipotoka.

Kwa kipimo hicho chama cha mameneja kina madai yanayosimama imara. Mafunzo na majaribio ni njia ya kumjua mtu kabla hajakabidhiwa mambo makubwa. Wizara ya Ulinzi iliongezewa muda wa majaribio hadi miaka miwili, na mameneja wakaunga mkono. Bunge likaja kuurudisha kuwa mwaka mmoja kuanzia mwisho wa 2022. Mameneja walikuwa na haki ya kulalamika, maana mhandisi anayetumia miezi mingi ya mwanzo darasani hapimiki kwa mwaka mmoja.

Kinachoumiza ni uchunguzi na adhabu. Mwaka 2014 iligundulika kwamba katika hospitali ya maveterani ya Phoenix, Arizona, orodha za wagonjwa zilichezewa. Mkaguzi mkuu alichukua sampuli ya wagonjwa 226. Taarifa za hospitali zilionyesha walingoja miadi ya kwanza kwa wastani wa siku 24, kumbe walingoja siku 115. Wengine wasiopungua 1,700 hawakuwa hata kwenye orodha rasmi. Takwimu za kungoja zilikuwa zikiingia katika kupima utendaji wa wakubwa na bonasi zao. Bunge likapitisha sheria ya kuwafukuza haraka watendaji wa Wizara ya Maveterani, na chama cha watendaji waandamizi, Senior Executives Association, kikapinga kwamba mtu ananyimwa nafasi ya kusikilizwa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kipengele cha rufaa katika sheria hiyo kinakiuka Katiba.

Kisheria chama hicho cha watendaji kilikuwa na hoja. Lakini mzee aliyepigana vita na kungoja daktari karibu miezi minne alistahili kuwasikia mameneja wakidai, kwa sauti ileile, waliomdanganya watolewe. Anayeomba ulinzi kwa jina la umma anadaiwa na umma hasira ya namna hiyo.

Deni hilo limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 2020, Rais Donald Trump alipotoa agizo la kuunda kundi la watumishi wa sera watakaoondolewa kirahisi. Joe Biden alilifuta Januari 2021, Trump akalirejesha Januari 2025. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber aliwaambia wanafunzi wa Munich mwaka 1919 kwamba heshima ya ofisa ni kutekeleza amri ya mkubwa wake hata kama hakubaliani nayo, akishatoa pingamizi lake. Pingamizi hilo ndilo roho ya jambo lote, na mtu anayeweza kufukuzwa kesho asubuhi halitoi. Mameneja wakieleza hivyo wanasema kweli. Bunge litawaamini kwa kadiri watakavyoonyesha kwamba ulinzi waliokwisha kupewa waliutumia kusema ukweli; kule Phoenix aliyefichua udanganyifu alikuwa daktari.