Je, Aibu ya Mkosaji Ibandikwe Ubaoni?

Ndugu msomaji, hebu tufikirie jambo ambalo laweza kukufika mlangoni. Mtu wa kijiji chako, tuseme hapa Malolo, wilayani Ruangwa, alihukumiwa kwa kumnajisi mtoto. Kifungo amekimaliza, na sasa anarudi kwa ndugu zake. Mzazi mmoja asimama katika mkutano wa kijiji na kutaka jina la mtu huyo libandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila apitaye alisome. Mwingine ajibu: amekwisha lipa deni lake, aachwe aishi. Je, wewe ungesimama upande gani?

Swali hili latukaribia. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliweka nchini Tanzania kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima mwenye hatia ya kubaka. Miaka 30 tangu hapo yatimia mwaka 2028. Basi wako watakaorudi, na vijiji vitapaswa kuamua namna ya kuwapokea.

Mataifa yamejibu kwa njia mbalimbali. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1996 iitwayo Sheria ya Megan, iliamuru habari za wakosaji hao zitolewe kwa umma, na leo majina na picha zao husomwa na yeyote katika intaneti. Uingereza, tangu 1997, daftari lao liko mikononi mwa polisi. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2006, walimpa Msajili wa Mahakama Kuu kazi ya kutunza daftari hilo. Tena aliyehukumiwa akificha hukumu yake anapoomba kazi ya kulea watoto, atenda kosa jingine.

Wanaotaka ubao wana hoja nzito. Mtoto hana nguvu ya kujilinda, na mzazi asiyejua hawezi kumlinda. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana 1 katika kila 7. Nani atasikia hayo na kusema kwamba heshima ya mkosaji yatangulia?

Lakini tazama vizuri. Wengi wa watendao maovu hayo si wageni; ni jirani, jamaa, au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Ubao wataja waliohukumiwa tu. Haumtaji yule ambaye habari yake ilimalizwa nyumbani kwa kulipana fedha. Tena ukibandika jina la mjomba, umelibandika na la mpwa wake, kwani kijijini nani hatajua ni binti yupi? Naye mkosaji akifukuzwa kwa mawe, atahamia kijiji kisichomjua, na huko watoto watakuwa hatarini zaidi.

Wewe uliyeingia katika Uislamu karibuni, au unayeuchunguza bado, huenda umesikia kwamba dini hii yaamuru kusitiri aibu za watu, ukadhani kwamba yamlinda mwovu. La hasha! Ni kweli kwamba Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, yakataza kupelelezana na kusengenyana. Lakini Fatima binti Qais alipomwendea Mtume Mtukufu (s.a.w.) kuhusu wanaume wawili waliomposa, Mtume hakumficha: alimweleza kwamba mmoja ni fukara na mwingine huwapiga wanawake. Alitaja aibu waziwazi, kwa sababu aliyeuliza alikuwa karibu kudhurika. Hata hivyo hakupanda mimbari kuwatangaza. Naye mlevi alipokwisha adhibiwa na watu wakaanza kumlaani, Mtume aliwakataza wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao.

Hapa twapata kipimo: habari ya aibu ni amana, hupewa yule ambaye bila kuijua angedhurika, au angeshindwa kumlinda aliye chini yake. Basi mtendaji wa kijiji na ajue, na mwalimu mkuu, na mwalimu wa madrasa, na wasimamizi wa jando na unyago, na wazazi wa jirani. Naye mkosaji aambiwe kwa upole lakini bila kusitasita: toba yako ni baina yako na Mola wako, nasi hatutakutukana, lakini watoto hatutakukabidhi.

Huenda mtu akasema: siri ya watu kumi si siri tena. Ni kweli. Lakini kujua ni jambo moja, na kuwindana ni jingine. Aliyeambiwa amebeba mzigo wa kulinda. Akinyamaza mtoto akadhurika, ataulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Wala tusijidanganye kwamba sitara ni kuficha uovu unaoendelea. Mtoto akilalamika, asikilizwe, na habari ifike kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, hata kama anayetajwa ni ndugu wa damu. Kwani kabla hatujauliza ni jina la nani litundikwe ubaoni, yatupasa kujiuliza ni majina mangapi tumeyaficha majumbani mwetu.

Mwenyezi Mungu atujalie kulinda wanyonge bila kudhulumu yeyote. Amin.