Shilingi Kumi Kila Baada ya Mlo

Tumchukue binti wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Anaishi na mamake katika chumba kimoja mtaani Lindi, Kibera, na wikendi humsaidia shangazi yake kusuka nywele katika saluni ya Kawangware.

Alianza kuzimia gwarideni. Kliniki ya kwanza, ya Kibera, ilimpima damu na makohozi. Hakuwa na virusi vya UKIMWI wala kifua kikuu, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Ya pili, ya Kawangware, ilimzungushia utepe mkononi, ikampandisha kwenye mizani na kukuta uzito wa kawaida. "Mama, huyu anakula vizuri," wakamwambia mamake. "Labda ni presha ya mitihani."

Hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Meno yake ya mbele yalikuwa yameanza kulika kwa ndani, mashavu yamevimba karibu na masikio, na vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na makovu yaliyoachwa na meno. Ugonjwa huo, bulimia, ulielezwa mwaka 1979 na daktari Gerald Russell wa London: mtu hula kwa pupa bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha asinenepe. Uzito wake huenda usibadilike, ndiyo maana mizani haikusema kitu.

Aliyeona mapema ni mama anayekusanya pesa mlangoni pa choo cha kulipia. Chumba kimoja hakina pa kutapikia kwa siri, kwa hiyo binti alikuwa akitoa shilingi kumi kila baada ya mlo, na akitoka macho ni mekundu. Mama yule alidhani ni mimba, akanyamaza asije akaitwa mchongezi. Siku binti alipoanguka pale mlangoni ndipo alipomwambia mamake: "Mama, usinichukie. Huyu mtoto kila akila anatapika."

Hospitalini walikuta potasiamu imeshuka vibaya. Kutapika mara kwa mara huyamaliza madini hayo, na yakipungua sana mapigo ya moyo huvurugika. Mtu anayeonekana mzima anaweza kufa ghafla. Aliongezewa potasiamu polepole huku moyo ukichunguzwa. Kisha daktari akamwomba mamake awapishe kidogo, akavuta kiti. "Ukishakula, huwa unafanya nini?" Binti akalia kwanza, halafu akaeleza yote, kuanzia siku mteja wa saluni alipomcheka kwamba ananenepa.

Kosa la zile kliniki mbili halikuwa uvivu. Zilipima kila kitu ambacho umaskini huleta, zikaamini kwamba katika mtaa kama huu anayeumwa kwa ajili ya chakula ni yule aliyekikosa. Mwaka 2004 Frank Njenga na R. Kangethe waliandika katika jarida la East African Medical Journal kwamba anoreksia, ndugu wa bulimia, ni nadra Kenya. Lakini daktari wa akili humhesabu aliyemfikia. Anayerudishwa nyumbani na dawa za vidonda hahesabiwi popote.

Tangu mwaka 1999 yako maswali matano ya kugundua magonjwa haya yaliyotungwa London, na nesi anaweza kuyauliza kwa dakika mbili. Je, huwa unajitapisha ukihisi umeshiba mno? Unahofia kwamba huwezi kujizuia kula? Umepungua zaidi ya kilo sita ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene na wenzako wanasema umekonda? Chakula kimetawala maisha yako? Mgonjwa akijibu ndiyo kwa mawili, apimwe potasiamu na moyo, kisha apelekwe kwa mtaalamu. Tiba yenyewe ni mazungumzo ya wiki baada ya wiki, milo ya saa maalumu, na familia inayosaidia bila kukaripia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Binti huyu alificha, ni kweli. Ila alipita mikononi mwa kliniki mbili, na hakuna iliyomuuliza.