Nguo za Maiti ni za Nani?

 

Darsa yetu imeletewa suala ambalo mwanzo lilionekana dogo, hata baadhi ya ndugu wakatabasamu. Mama mmoja wa Kisumu, aliyefiwa na mumewe, aliuliza: Je, yafaa kuzikata fulana za marehemu na kuzishona pamoja ziwe mfarishi, watoto wapate kujifunika na kumkumbuka baba yao? Mimi ndiye niliyeulizwa kwanza, nilipokuwa Kisumu kwa shughuli zangu, na nilimjibu pale pale mlangoni, viatu vyangu mkononi. Nilimwambia: La, mama, huko ni kuharibu mali na kuhuisha msiba. Zitoe sadaka zote, tena upesi, upate kupumzika. Akasema, “Ahsante, maalim,” akaingia ndani. Jawabu lile limenisumbua tangu siku hiyo, na haya niandikayo leo ni kulirekebisha kosa langu mbele ya wale wale ninaowasomesha.

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akauliza: mambo haya yametoka wapi? Mfarishi wenyewe si mgeni kwetu. Ni lile tandiko nene la kujifunika walijualo wazee. Kuufanya kwa fulana za mtu mmoja, ambazo vijana huziita tisheti, ukawa ukumbusho wake, ni ada iliyoenea sana Marekani. Na huko jambo hili si mchezo wa kujipitishia wakati tu. Mwaka 1987, katika mji wa San Francisco, watu waliofiwa kwa ugonjwa wa ukimwi walianza kushona vitambaa vyenye majina ya maiti wao, kila kimoja futi 3 kwa futi 6, kadiri ya kaburi la mtu mmoja. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule vitambaa 1,920 vilitandikwa uwanjani katika mji wa Washington. Wengi wa wale maiti walikuwa wametupwa na jamaa zao, na kitambaa kile kilikuwa ndiyo heshima pekee waliyopewa. Watu wa Nyanza hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo. Wamezika kwa ajili yake kuliko sehemu nyingi za Kenya.

Ama Kisumu, ni mji ambao watu wa pwani tumekuwa na jamaa zetu ndani yake tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence. Waislamu wa huko ni wachache, wamechanganyika na majirani Waluo ambao walio wengi ni Wakristo, na mtu akifiwa wote huja. Katika desturi za majirani hao ni kuchapisha sura ya marehemu juu ya fulana, zikavaliwa na waombolezaji. Sisi maiti wetu huzikwa siku ile ile au ya pili yake, wala hapana nafasi ya kuchapisha kitu. Lakini marehemu huyu alikuwa mchuuzi wa samaki, akinunua kwa wavuvi wa Dunga, na wenzake wa biashara walimpenda. Siku ya arubaini wakaja wamevaa fulana zenye uso wake, na moja wakampa mjane. (Juu ya arubaini tumekwisha andika mara nyingi, sitarudia hapa.)

Basi nguo zenyewe zilikuwa hizi. Fulana 23 katika mfuko wa gunia. Ziko za mashindano ya mpira, ziko zilizogawanywa na wanasiasa wakati wa kura, iko moja yenye tangazo la pombe aliyokuwa akiivaa kwa kuoshea baiskeli tu, na mkewe akimtania kwayo. Iko ya kijani ya Gor Mahia, aliyoivaa mpaka ikatoboka kwapani. Na juu yake hiyo yenye uso wake mwenyewe.

Hebu tufikiri kwanza jambo moja la ajabu. Katika soko la Kibuye, hapo hapo Kisumu, nguo za mitumba zimelundikwa kama vichuguu, na kila siku watu huchagua, wakavaa, bila ya kujua aliyevaa kwanza yu hai au amekufa. Mwezi wa Juni 2022 marehemu Raila Odinga, wakati huo mgombea urais na mtu wa upande huo huo wa ziwa, alisema hadharani kwamba nguo hizo zilivaliwa na watu waliokufa, na wachuuzi wakaudhika sana. Mwezi wa Agosti 2023 Rais Museveni wa Uganda alisema maneno ya namna hiyo alipotaka kuzipiga marufuku. Sijui nguo ngapi kati ya hizo ni za maiti. Nijualo ni kwamba hatutetemeki tukizivaa. Fulana ya mgeni aliyekufa ng'ambo ni fulana tu. Lakini fulana ya baba ikitundikwa nyuma ya mlango, nyumba nzima hushindwa kupita hapo bila ya kutazama. Basi kilichomo katika kitambaa hakimo katika kitambaa, kimo kwetu. Na kwa kuwa kimo kwetu, sheria yaweza kutuuliza habari zake.

Niliporudi nikakaa na wenzangu tukafungua vitabu, jambo la kwanza lililonitahayarisha halikuwa katika mlango wa misiba wala wa bidaa. Lilikuwa katika mlango wa mirathi. Mtu akifa, hata sindano yake si yake tena. Hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yao. Marehemu huyu aliacha mke, mama mzazi, watoto wa kike wawili na wa kiume mmoja, wote wadogo. Mke ana thumni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Fulana zile 23, ingawa haziwezi kuuzwa kwa fedha ya maana, zimo ndani ya hesabu hiyo. Zaidi ya thuluthi mbili ya kila moja ni mali ya mayatima.

Sasa tazameni nilichomwamrisha yule mama. Nilimwambia azitoe sadaka zote! Mali ya yatima haitolewi sadaka na mtu yeyote, si mama, si ami, si maalim aliyesimama mlangoni. Mwenye kuisimamia ameruhusiwa kuitumia kwa maslaha ya yatima mwenyewe basi. Na mfarishi utakaowafunika watoto hao wakati wa mvua, upepo utokapo ziwani usiku, hiyo ni maslaha yao. Kwa hiyo lile nililolikataza ndilo lililokuwa karibu zaidi na sheria, na lile nililoliamrisha kwa sauti ya dini ndilo lililokuwa na dhulma ndani yake. Nasema hivi kwa sababu najua si mimi peke yangu. Katika miji yetu ya pwani mara ngapi tumeona kabati la marehemu likifunguliwa siku ya tatu, huyu akachukua kanzu, yule akachukua joho, shangazi akabeba leso, na mwenye haki ana miaka sita, anacheza uani? Tukiulizwa twasema: ni vitu vidogo. Aliyeonya juu ya mali ya yatima hakutuwekea kipimo cha udogo.

Ndugu mmoja katika darsa, naye ni mtu wa elimu, alisimama upande mwingine. Alisema: Tumeyapinga makaburi yanayopakwa mafuta na hirizi zinazotundikwa shingoni, kisha leo tufungue mlango wa kulala juu ya nguo za maiti? Kesho mtoto ataumwa na tumbo, watamfunika mfarishi wa baba yake ili apone. Khofu hii si ya kuchezewa, kwa kuwa twawajua watu wetu. Yapokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliukata mti uliodhaniwa kuwa ndio uliofanyiwa chini yake baia ya Hudaybiya, alipoona watu wakiukusudia kwa sala. Lakini nilimkumbusha ndugu yetu kisa kingine. Baada ya vita vya Badr, Bibi Zainab, binti wa Mtume (s.a.w.), alileta fidia ya kumkomboa mumewe Abul-As aliyekuwa mateka, na ndani ya fidia hiyo mlikuwa na kidani alichopewa na mama yake, Bibi Khadija, siku ya harusi. Mtume alipokiona kile kidani aliingiwa na huruma kubwa. Bibi Khadija alikuwa amekufa miaka kadhaa, na kitu chake kimoja kilitosha kumrudisha moyoni. Hakuna aliyemwambia kwamba anahuisha msiba. Wala yeye hakukichukua kwa mapenzi yake. Kidani kile kilikuwa kimekwisha kuwa haki ya Waislamu, basi akawaomba sahaba zake, kama wataona vyema, wamfungue mateka na wamrudishie Zainab kidani chake. Wakaridhia. Kwangu kisa hiki chatosha kwa pande zote mbili: moyo kuguswa na kitu cha maiti si kosa, na kuguswa huko hakumfanyi mtu kuwa mwenye kitu. Kumkumbuka mtu kwa nguo yake ni jambo moja. Kuiomba nguo imponye mtoto ni jambo lingine, na hilo tutalipinga litakapotokea, si kabla.

Vile vile eda na siku tatu za msiba zimewekwa kwa ajili ya kukaa matanga, si kwa ajili ya kusahau. Hakuna mahali tulipoamrishwa kusahau.

Ikabaki fulana yenye uso. Hapa nilidhani jawabu ni jepesi, kwani khitilafu za wanavyuoni juu ya picha za siku hizi zajulikana, na wenye kuzikataza hukataza kuzitundika kwa kuzitukuza. Lakini katika hadithi sahihi imo khabari ya Bibi Aisha (r.a.) aliyekuwa na pazia lenye sura, na Mtume akachukizwa nalo. Bibi Aisha akalikata, akalifanya mito ya kuegemea. Wanavyuoni wameeleza kwamba mkasi ulizivunja zile sura, au kwamba kitu kinachokaliwa hakitukuzwi kama kinachotundikwa ukutani. Mimi nimeipenda khabari hii kwa sababu nyingine: ni mwanamke, ana kitambaa na mkasi, na suala la dini linamalizika kwa kushona. Lakini ewe msomaji, ni nani atakayempa mjane mkasi, amwambie apitishe katikati ya uso wa mumewe? Sikuthubutu. Hili nililiacha kwake.

Nilirudi Kisumu baada ya miezi miwili, nikaenda tena nyumbani kwake, safari hii nikakaa. Nilimwomba radhi. Nikamweleza mafungu, na kwamba kabla ya kukata chochote amwulize mavyaa wake, kwa sababu yule mzee ana sudusi yake na hapana aliyemwuliza. Nikamweleza pia kwamba kile cha fungu lake mwenyewe, akitaka kutoa sadaka, asitoe zilizochakaa akabaki na nzima, kwani Qur'ani imetukataza kuchagua kibaya tukakitoa. Hapa alicheka mara ya kwanza. Alisema: “Maalim, zilizochakaa ndizo ninazozitaka. Nzuri hakuzivaa.”

Ikawa ni rahisi kuliko nilivyofikiri. Fulana 5 mpya, karibu zote za kura, alizikubali kuwa ndizo fungu lake, akazitoa kwa vijana wanaobeba magunia sokoni. Zilizosalia zikapelekwa kwa fundi cherehani. Ile ya tangazo la pombe aliishona kwa upande wa ndani, maandishi hayaonekani, lakini yeye anajua ipo. Ile yenye uso hakuikata wala hakuitundika. Ameifunga pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili waijue sura ya baba yao watakapokua.

Mama mzazi wa marehemu alipoulizwa, alinyamaza kitambo, kisha akasema hataki kitu ila ile ya kijani, na isifuliwe. Ilikuwa ndiyo iliyopangiwa kukaa katikati. Wakampa. Pale katikati fundi ameweka kipande cha leso ya yule mzee, aliyoileta mwenyewe.