Kuweka Si Kujua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yawafaa wafanyabiashara, lakini yawahusu pia wanaokusanya elimu. Siku hizi mtu asomaye katika intaneti hukutana na kurasa nyingi kuliko awezavyo kuzisoma. Ili asizipoteze, kivinjari humpa alamisho: hubofya mara moja, anwani ya ukurasa ikahifadhiwa, naye akaweza kuurudia atakapo. Msaada huu ni mwema. Lakini je, aliyeweka amejua?

Nakiri kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuweka alamisho zaidi ya mia nne pasipo mpango wowote, na kila nilipoongeza moja niliona raha kana kwamba nimekwisha kuusoma ukurasa wenyewe. Siku moja nilisifu darasani makala juu ya milango ya nakshi ya Mji wa Kale. Mwanafunzi mmoja akaniomba aisome. Nilitafuta jioni nzima. Nilipoipata alamisho, ukurasa ulikuwa umekwisha kuondolewa. Hasara hiyo ilikuwa ndogo. Aibu kubwa ni kwamba sikuweza kumweleza mtoto yule yaliyokuwamo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kichwa cha habari tu. Nilisifu nyumba nisiyopata kuingia.

Hapa Mombasa tunao mfano ulio bora. Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa mji huu, alifariki yapata mwaka 1840. Baadaye katika karne ile ile, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi yake, akayaandika kwa hati za Kiarabu, akasaidiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, katika kuyahifadhi na kuyaeleza. Mwaka 1940 W. Hichens aliyatoa katika diwani, na hata leo twayasoma. Lau Mwalimu Sikujua angaliandika tu kwamba mzee fulani wa mtaa fulani alijua shairi fulani, tungalirithi majina ya wazee na kukosa mashairi. Yeye alilishika neno lenyewe, pamoja na maana yake.

Pengine msomaji atasema kuwa nafasi katika kompyuta ni tele, na mashine yaweza kututafutia. Ni kweli. Lakini mashine hutafuta lile tunalokumbuka kuliulizia, na nafasi ikiwa tele, umri wa mwanadamu si tele. Kila alamisho ni ahadi ya kurudi. Mwenye ahadi mia nne asizozitimiza hajidanganyi yeye peke yake. Huwadanganya na wanaomtegemea.

Basi kabla ya kuweka, jiulize: nitaurudia ukurasa huu kwa haja gani? Uweke katika folda yenye jina la haja hiyo. Kila mwisho wa mwezi zipitie alamisho zako. Ulio na faida usome, uandike kiini chake daftarini kwa maneno yako, pamoja na jina la mwandishi na tarehe. Usio na haja tena ufute bila huzuni.

Mimi nilimwomba radhi mwanafunzi wangu, kisha nikaanza kuzipunguza zile mia nne. Leo ninazo chache, na ukiniuliza juu ya yoyote kati yake, nitakujibu.