HOTUBA YA IJUMAA: FARASI, MBIO NA DAU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu,

Vijana wetu wanaona kwenye televisheni masheikh wa Ghuba wakishangilia farasi wao, huku wao wenyewe wanakatazwa kamari kila Ijumaa. Wanauliza: je, mbio za farasi ni halali kwa tajiri na haramu kwa maskini? Swali ni la haki, nalo linataka jibu.

Huku Kongo farasi hatumjui sana, maana mbung'o wa misitu yetu wamemzuia tangu zamani. Lakini katika dini yetu ana heshima kubwa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindanisha farasi Madina. Waliozoezwa walikimbia kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyatul-Wadaa, maili tano au sita. Wasiozoezwa walitoka hapo hadi msikiti wa Bani Zuraiq, kama maili moja. Abdullah bin Umar alikuwa mmoja wa wapandaji. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi asikudanganye mtu kwamba mbio zenyewe ni dhambi.

Hata zawadi inaruhusiwa katika farasi, ngamia na mishale. Wanazuoni wameeleza sharti lake: ikitolewa na kiongozi au mtu asiye mshindani, hapana ubaya. Lakini kila mshindani akiweka mali yake ili mmoja azoe zote, hiyo ndiyo kamari. Huko Ulaya wenye farasi hulipa ada ya kuingia mbioni, na ada hizo huongezwa kwenye zawadi. Muislamu mwenye farasi huko na aulize vizuri kabla ya kutia saini.

Sasa tazameni, ndugu zangu. Mwaka 1996 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum alianzisha Dubai World Cup, na farasi wa Marekani aitwaye Cigar akashinda mara ya kwanza. Tangu 2010 mbio hizo ziko katika uwanja wa Meydan. Zawadi ya mbio kuu mwaka 2024 ilikuwa dola milioni 12. Kwa miaka mingi watazamaji wa hapo hawakuruhusiwa kuweka dau, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mbio zile zile, saa ile ile, watu wa Uingereza na Ufaransa huziwekea dau kwao.

Na mwenye farasi naye ana hesabu yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba farasi ni wa namna tatu. Kuna anayefugwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: hata majani anayokula na maji anayokunywa huandikwa thawabu kwa mwenyewe. Kuna anayefugwa kwa riziki, na mwenyewe hasahau haki ya Mungu iliyo juu yake: huyo ni sitara. Na kuna anayefugwa kwa majivuno: huyo ni mzigo. Farasi ni yule yule. Nia ndiyo inayomgeuza. Mwaka 1983 huko Keeneland, Marekani, Sheikh huyo huyo alinunua mwana-farasi aitwaye Snaafi Dancer kwa dola milioni 10.2. Hakukimbia hata mbio moja. Akawekwa kwa uzazi, watoto wake wakawa wachache mno. Nia ya mnunuzi hatuijui, wala si kazi yetu kuihukumu, bei tunaijua.

Tugeukie maskini. Mwaka 1954 Wafaransa walibuni tiercé: unataja farasi watatu watakaotangulia. Leo mtu wa Dakar au Abidjan anaweka dau juu ya farasi wa Vincennes ambaye hajawahi kumwona. Fahamuni namna inavyokwenda. Pesa zote zinatiwa katika mfuko mmoja. Kampuni na serikali zinakata sehemu yao kwanza. Kinachobaki ndicho wanachogawana waliobahatika. Ndiyo kusema wachezaji kwa jumla wamekwisha kupoteza kabla farasi hajatoka langoni! Pari za mpira kwenye vibanda vyetu ni ndugu yake yule yule. Baba anaingia na minerval ya mtoto, anatoka na karatasi.

Na siku yenyewe ya mbio, je? Mbio kuu ya Dubai ni mita 2000, dakika mbili tu. Lakini kuna mbio nyingine kabla yake, na kati ya moja na nyingine watu wanangoja nusu saa au zaidi. Katika kungoja ndipo Alasiri inapopita, na Magharibi nayo. Katika sura ya Al-Maida, aya 90 na 91, kamari imewekwa pamoja na pombe, na sababu imetajwa: inaleta uadui na inazuia sala.

Kwa hiyo, kijana, kutazama farasi wakikimbia hakukukatazwi, ukisali kwa wakati na mkono wako usiguse dau. Na aliyekwisha kushinda pesa za kamari, asizile, wala asituletee tuezekee msikiti. Azitoe kwa maskini kama mtu anayeosha uchafu mkononi, bila kutazamia thawabu ya sadaka, kisha atubu.

Wabillahi tawfiq.