Uzazi wa Kawaida Hutayarishwa

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya funzo, lakini hakuna jambo ndani yake lisilowapata akina mama wa kweli.

Huko Kikula, mjini Likasi, aliishi mjane mmoja wa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines. Alikuwa amezaa watoto saba, wote kwa njia ya kawaida, na jambo hilo lilimpa sauti kubwa nyumbani. Mkaza mwanawe wa kwanza alipobeba mimba ya tatu, mjane alimwambia, "Mwanangu, mimba si ugonjwa. Mimi nilizaa saba, nawe umezaa wawili bila taabu. Mwili unajua kazi yake."

Mkaza mwana alikubali upesi, maana naye alikuwa na hofu yake. Jirani yao alikuwa amepasuliwa, akapona, lakini akazuiwa wodini kwa sababu bwana yake hakuwa amemaliza kulipa. Kwa hiyo alikwenda kupima mimba mara moja tu, mwezi wa nne, akapewa karatasi yake na dawa za kuongeza damu, asirudi tena. Pesa za uzazi hazikukosekana. Bwana yake, mchimbaji wa madini upande wa Kambove, alizihifadhi kwenye simu, na namba ya siri aliijua yeye peke yake.

Uchungu ulianza usiku wa mvua, umeme umekatika. Bwana alikuwa Kambove, na simu haikupatikana. Kulipokucha mtoto alikuwa bado, na mjane akachemsha mizizi ya kuharakisha. Mama akanywa. Uchungu ukaja mmoja juu ya mwingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Saa sita mchana ukakatika ghafla. Waliokuwepo wakamshukuru Mungu, wakidhani mama amepata nafuu. Kumbe kizazi kilikuwa kimepasuka.

Walipopata gari na kufika hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Daktari alimpasua mama ili kuokoa roho yake, na akalazimika kukiondoa kizazi. Kisu alichokikimbia ndicho kilichomkuta, na deni likazidi la yule jirani.

Baadaye mkunga alikaa na mjane, akamweleza bila kumkaripia. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, kichwa kikiwa ubavuni mwa mama. Mkunga hulijua jambo hilo kwa kupapasa tumbo mwishoni mwa mimba. Mtoto aliyekingama hawezi kupita, na mizizi ile ilikilazimisha kizazi kusukuma mlango uliofungwa mpaka kikachanika. Tena, kati ya uchungu mmoja na mwingine kizazi hulegea, na damu hupata nafasi ya kumpelekea mtoto hewa. Uchungu usiopumzika humnyima mtoto hewa hiyo.

"Lakini mimi nilizaa saba," mjane alisema huku akilia.

"Ulizalia wapi, Mama?"

"Materinite ya kampuni."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa chote. Tangu miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière iliamua wafanyakazi wake wakae kambini na wake zao, na hatua kwa hatua ikajenga huduma za uzazi. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, mfanyakazi na jamaa yake waliendelea kutibiwa na kampuni. Mjane alizaa kwa njia ya kawaida, ni kweli. Ila nyuma yake walisimama wakunga, daktari na gari la wagonjwa, vyote vimetayarishwa na wengine, hata hakuona kwamba kuna aliyetayarisha. Gécamines iliporomoka miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini. Mzigo wa kutayarisha uzazi ukahamia nyumbani, na nyumba nyingi hazijatambua kwamba sasa ni wao.

Wanaosema kwamba kuzaa kwa kawaida ni kukaa mbali na hospitali, na wajue historia yake. Daktari Fernand Lamaze alipoanza mwaka 1952 kuwafundisha wanawake kuzaa bila dawa za maumivu, alifanya hivyo katika materinite ya Bluets mjini Paris, mali ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Wanawake walifundishwa kabla ya siku yao: mwili unavyofunguka, namna ya kupumua, namna ya kulegeza viungo. Mkunga na daktari walikuwa kando yao.

Mkaza mwana wa pili alipobeba mimba, mjane yule yule ndiye aliyempeleka kupima kabla mwezi wa tatu haujaisha. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na wahudumu mara 8 katika mimba moja, na mara 5 kati ya hizo ni katika miezi mitatu ya mwisho, wakati mtoto anapochukua mkao wake. Pesa ziliwekwa mahali mama mwenyewe anapoweza kuzifikia. Mwenye pikipiki wa mtaani aliombwa mapema, na jirani mwenye gari pia. Ndugu wawili walipimwa damu, wawe tayari kutoa. Vikwembe, sabuni, nguo za mtoto na karatasi za vipimo vilikaa kwenye mfuko mmoja. Wote nyumbani walijifunza dalili zisizongoja kesho: damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza.

Uchungu wake ulipoanza kuja kwa mpangilio, walikwenda mapema. Alitembea, alikunywa maji, alipumua polepole, alichuchumaa alipotaka, na mjane alimkanda mgongo. Hakuna aliyemharakisha. Alizaa bila kupasuliwa. Mara tu mtoto alipotoka, mkunga alimchoma mama sindano ya oksitosini, uniti 10, kwa kuwa kutokwa damu nyingi ndiko kunakoongoza kuua akina mama wanaojifungua duniani. Mtoto aliwekwa kifuani, akanyonya kabla saa moja haijapita.

Ndugu msomaji, maandalizi hayamhakikishii mama kwamba hatapasuliwa. Yanamwongezea nafasi kwamba ikibidi apasuliwe, atafika angali na nguvu na mtoto angali hai. Bwana, namba ya siri ya pesa za uzazi mpe mke wako leo. Mama mkwe, mizizi ya kuharakisha iache. Haraka haraka haina baraka. Nawe mama mjamzito, usiogope kupima kwa sababu ya deni la jirani yako. Uliza bei mapema, weka akiba kidogo kidogo, na urudi kila ulipopangiwa. Anayetaka kuzaa kwa njia ya kawaida ndiye anayepaswa kujitayarisha kuliko wote.