JUMANNE: Ulimi Ulioguswa Faraghani

*Soma Marko 7:31–37. Kabla ya kumponya mtu yule, Yesu alifanya nini kwanza? Unadhani ni kwa nini?*

Hakumponya katikati ya mkutano. Alimtoa kando, wakawa peke yao, ndipo akaugusa ulimi wake. Mwenye taabu ya ulimi huogopa macho ya watu.

Hapa Kurasini mama mmoja wa darasa letu aliacha kujibu maswali ya lesoni, kisha akaacha kuja. (Ameniruhusu kuandika haya bila jina.) Ulimi wake ulikuwa na utando mweupe, na chai ilimchoma. Waliouona walinong'ona kwamba ana VVU. Alipopimwa, alikutwa na kisukari. Akapewa dawa ya fangasi ya mdomoni, akaanza na matibabu ya sukari, na ulimi ukapona. Madhara ya ulimi ule mwingine, ule wa Yakobo 3:5, 6, yalichukua muda zaidi. Aliporudi alikaa benchi la nyuma. Na kama ingekuwa VVU? Angehitaji dawa vilevile, na darasa vilevile.

Ni kweli, utando mweupe unaweza kuwa dalili ya VVU. Lakini huweza pia kumpata mwenye kisukari, aliyetumia antibayotiki, mwenye pumu asiyesukutua baada ya kuvuta dawa, au mwenye meno ya bandia yasiyosafishwa vizuri. Ni jambo la kupima, si la kukisia.

Sisi tusiokula nyama tujiangalie pia. Ulimi mwekundu, laini kupita kawaida, unaochoma, huweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12. Vitamini hiyo haimo kwenye maharage wala mchicha. Imo kwenye maziwa na mayai, na asiyevitumia hivyo anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Nimefundisha somo la chakula miaka mingi bila kulitaja hili.

Weusi juu ya ulimi mara nyingi hauna hatari. Punguza chai nzito, acha tumbaku, piga mswaki hadi kwenye ulimi. Ila kidonda kisichopona kwa majuma mawili, hasa kwa aliyezoea ugoro au tambuu, kisisubiri maombi ya Jumatano. Aende hospitali, nasi tutaomba akiwa njiani.

*Kwa mjadala: Je, yupo aliyeacha kuja darasani kwenu kwa sababu ya minong'ono juu ya afya yake? Nani atakwenda kumwona juma hili, na atasema nini akifika mlangoni?*